Gari Lililotolewa Woga

Mume wangu alinunua gari la gia tano katika mji wa barabara ya gia mbili. Lilikuja kwa treni kutoka kusini, limefungwa minyororo juu ya behewa lisilo na paa, na siku liliposhushwa stesheni nusu ya mtaa wetu wa Kasuku, hapa Kindu, ilikuja kutazama. Lilikuwa gari la Kijerumani, rangi ya kahawa yenye maziwa, ambalo lilikuwa limekwisha kuchoka kidogo Ulaya kabla ya kutufikia. Mume wangu ni mtu wa Kivu ya Kaskazini aliyekuja Maniema na marobota ya vitenge akaishia na duka, malori na mimi. Alilizunguka akilipapasa kama mtu anayechagua ng'ombe, ingawa alikuwa amekwisha kulinunua.

Miezi ya mwanzo gari lilifanya kazi ya heshima tu. Lilitupeleka misa Jumapili, likaturudisha, likalala chini ya turubai. Lami iliyobaki Kindu ilikuwa kwenye njia ya uwanja wa ndege, na mashimo yake kila dereva aliyajua kama ulimi unavyojua jino bovu. Huko ndiko tulikopitwa.

Aliyetupita alikuwa mkubwa mmoja wa Chama. Siku zile hukuwa na haja ya kuuliza chama gani. Kilikuwa kimoja, na sote tulikuwa wanachama, hata mtoto aliyekuwa bado tumboni. Mkubwa huyo alikuwa na pikapu kuukuu ya kijani. Alitukuta tunakwenda taratibu tukikwepa mashimo, akapiga honi, akatupita na kutuachia vumbi lote. Mume wangu alichelewa kupandisha kioo. Alikohoa mpaka nyumbani.

"Mutuka ya namna hii kupitwa na bati lile!" alisema tuliposhuka. "Iko na ugonjwa gani?"

Hakuwa akiniuliza mimi.

Aliyekuja kumjibu alikuwa mdogo wangu. Sisi ni watoto wa reli. Baba yetu aliletwa kutoka Kasai kuja kufanya kazi kwenye karakana ya treni, nasi tukazaliwa katika nyumba za wafanyakazi, tukisikia honi ya gari moshi kabla ya kengele ya kanisa. Mdogo wangu alikuwa amekwenda Ubelgiji kusomea umeme, akaishia kwenye gereji ya watu wanaopenda mashindano ya magari. Sasa alikuwa amerudi kumsalimia mama, amevaa miwani myeusi, mkononi ana sanduku ambalo hakumruhusu mtu kulishika. Mama alidhani limejaa zawadi. Lilipofunguliwa tukaona kompyuta ndogo, nyaya, na kijisanduku chenye taa nyekundu. Mama akarudi jikoni.

Mume wangu hakurudi popote. Alivuta kiti.

"Shemeji," mdogo wangu alimwambia, "mutuka yako haina ugonjwa. Iko na woga."

"Woga?"

"Moteri za sasa ziko na ubongo. Ule ubongo njo unaiambia moteri ikunywe esansi kiasi gani, moto uwake saa gani. Wale wa kiwanda wanaogopa, wanaandika hesabu za kiwoga ndani ya ubongo. Mimi nasoma zile hesabu, nazifuta, naandika zingine. Natoa woga."

"Ukishatoa woga unaweka nini?"

"Farasi, Shemeji. Farasi za kuongeza."

"Na hao farasi watakula nini hapa Kindu?" nikauliza.

Mdogo wangu aliniangalia kama mtu aliyetajiwa deni. "Esansi safi, Yaya," alisema, akiniita dada mkubwa kama tulivyozoea. "Si ile ya chupa, ya kuchanganya na petroli ya taa."

Esansi yote ya Kindu, yaani mafuta ya gari, siku hizo ilikuwa ya chupa, ya kuchanganya na mafuta ya taa. Lakini mume wangu alikuwa na pipa moja zima alilolileta kutoka Goma kwa lori lake, akalitunza stoo kama watu wengine wanavyotunza divai. Pipa hilo likapata kazi.

Kazi ilifanyika mchana kweupe juu ya meza yangu ya chakula, jenereta ikinguruma uani. Mdogo wangu aliinama chini ya dashibodi, akatoka na kisanduku cha bati, akakifungua, na kwa kibano akang'oa kitu cheusi chenye miguu mingi, mfano wa tandu aliyekatwa. Akasema huo ndio ubongo wenyewe. Mume wangu, aliyelipia gari zima, alionekana kuumia kidogo kuona kilivyo kidogo kile kitu kilicholipa gari akili. Hesabu zilianza kushuka kwenye kioo cha kompyuta, kijani kibichi, safu kwa safu. Mdogo wangu alibadilisha moja hapa, nyingine pale, akipiga mluzi. Sikuelewa kitu, ila niliona uso wake. Tangu utoto wetu sikuwahi kumwona ametulia hivyo. Mtoto yule alikuwa hawezi hata kumaliza sahani ya wali.

Tandu alirudishwa mahali pake. Gari lilipowashwa, sauti ilikuwa nyingine kabisa, nzito, ya kifuani.

Jumapili, baada ya misa, tulikwenda kulijaribu kwenye njia ya uwanja wa ndege. Mume wangu alishika usukani, mdogo wangu pembeni yake, mimi nyuma na kofia yangu ya kanisani. Mbele yetu, kama aliyeitwa, alikuwa anakwenda mkubwa na pikapu yake ya kijani.

Naapa mume wangu hakuwa amekata shauri. Aligusa tu mguu. Mgongo wangu uliganda kwenye kiti, kofia ikaenda kwenye kioo cha nyuma, na kabla sijasema "Yesu" tulikuwa mbele na pikapu ilikuwa ndani ya vumbi letu. Tulipiga kelele za furaha sote watatu kama watoto wa shule. Kisha mume wangu akapunguza mwendo.

"Unafikiri ametujua?" mume wangu aliuliza.

"Shemeji," mdogo wangu alisema kwa upole, "mutuka kama hii ziko ngapi Kindu?"

Kesho yake mkubwa alikuja dukani mwenyewe, ndani ya abakosti, ile suti ya Chama isiyo na tai, iliyopigwa pasi vizuri, anacheka. Kicheko hicho kilitutisha kuliko matusi.

"Sitwayeni," alimwambia mume wangu, kwani Chama kilitaka kila mtu aitwe mwananchi, "jana nimeona mutuka ya kweli. Wageni wetu wa Kinshasa wanakuja kwa sikukuu ya Chama. Mutuka kama ile njo inafaa kuwapokea. Unaazimisha Chama, Chama kinakukumbuka. Jumamosi, siku ya salongo, nitakuja kuijaribu."

Mume wangu alisema ni heshima kubwa. Angesema nini? Mfanyabiashara mwenzake wa mtaa wa Mikelenge aliazimisha pikipiki yake kwa heshima hiyohiyo, na tangu hapo huiona kila siku ikipita mbele ya mlango wake, imempakia mtu mwingine.

Tulikaa sebuleni sisi watatu. Mume wangu alitaka kulificha gari, lakini gari la Kijerumani halifichiki Kindu. Akataka kutoa betri. Mkubwa angekuja na betri yake. Mwisho mdogo wangu akasema kama anayetoa habari ya msiba:

"Naweza kurudisha woga."

"Rudisha!"

"Nikirudisha ule wa kiwanda tu, bado itakuwa mutuka nzuri. Ataipenda. Inafaa niongeze. Niiharibu kabisa." Alivua miwani. "Yaya, hii ni zambi. Watu wananilipa nifanye mazuri."

Aliifanya hiyo dhambi yake mezani pangu, safari hii bila mluzi. Alipunguza esansi, akachelewesha moto, akaamuru injini ijizime yenyewe ikikimbizwa kidogo. Alipomaliza alisukuma mbali sahani ya wali niliyomwandalia, akaenda kulala.

Jumamosi ya salongo, kazi ya umma ya lazima, kila mwananchi yuko barabarani na jembe au panga, anafyeka majani kwa ajili ya taifa, kwa hiyo watazamaji hawakukosekana. Mkubwa aliketi kwenye usukani, mume wangu kando yake, nami nikajibanza nyuma kwa sababu nilihofia mume wangu angejisaliti kwa uso. Gari liliwaka. Likakohoa. Likaondoka kwa mwendo wa maiti anayepelekwa makaburini. Penye kale kamwinuko kadogo karibu na kanisa, ambako watoto huteremka na magurudumu ya baiskeli, liliguna, likatetemeka, na mama mmoja mwenye beseni la sombe, majani ya muhogo, kichwani alitupita bila kujitahidi. Aligeuka kutusalimia. Wafyekaji walisimamisha mapanga.

Mkubwa alikanyaga mafuta kwa nguvu. Injini ikajizima kama ilivyoagizwa.

"Lakini hii mutuka ilinipita!" alisema, na shingo yake ikaanza kuvimba juu ya kola ya abakosti. "Jumapili! Ilinipita mimi!"

Moyo wangu ulisimama pamoja na injini. Nje, watu na majembe yao walikuwa wanasikiliza. Mume wangu, ambaye kwa miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumwona akijibu haraka, alifungua mdomo.

"Mukubwa," alisema kwa unyenyekevu, "Jumapili si njo ninyi mulipunguza? Muliona tumetoka misa, mukatuachia njia. Mimi nilisema na bibi yangu huyu nyumbani: yule ni mukubwa mwenye heshima."

Mkubwa alitazama usukani. Akamtazama mama wa sombe, ambaye sasa alikuwa mbali. Niliona anapima ni lipi baya zaidi: kupitwa na kitu hiki, au kuwa mtu wa heshima.

"Njo vile," alisema mwisho. "Nilipunguza."

"Tuliona, mukubwa."

"Wakubwa tunapaswa kupunguza," aliwaambia wafyekaji kupitia dirishani, kwa sauti ya mkutanoni, na baadhi yao wakapiga makofi, kwa sababu makofi tulikuwa tumezoea kuyapiga. Kisha akashuka, akarudi nyumbani kwa miguu.

Gari likaponea hapo. Aliyekaribia kupotea alikuwa mdogo wangu. Habari za sanduku lake zilikuwa zimefika mjini, na siku chache baadaye mkubwa alimwita aitoe woga pikapu ya kijani. Mdogo wangu alifungua boneti, akatazama kabureta ya zamani iliyofungwa kwa waya, akaelewa kwamba hapa hapakuwa na kompyuta ya kuzungumza nayo.

"Ningemwambia nini, Yaya?" aliniuliza jioni. "Mukubwa, mutuka yako haina ubongo?"

Aliisafisha kabureta, akabadilisha plagi, akafungua kompyuta juu ya boneti ili hesabu za kijani zionekane zikishuka, akamwambia kazi imekwisha. Mkubwa alikwenda mpaka uwanja wa ndege na kurudi, akakiri kwamba anasikia tofauti kubwa. Akataka pikapu ya mkuu wake nayo iletwe. Treni ya kwanza iliyoelekea kusini ilimchukua mdogo wangu, miwani, sanduku na yote.

Kwa hiyo gari letu lilibaki na woga wake, na mtu wa kuutoa alikuwa Ulaya. Mume wangu aliumia mwezi mzima. Pipa la Goma lilipokwisha tukaanza kulinywesha esansi ya chupa, na hapo tukagundua kwamba injini iliyoamriwa isitake makuu haikujali kinachomiminwa ndani yake. Magari ya matajiri wengine yalikufa moja moja. Letu lilikohoa likaendelea. Parokiani walisema mume wangu amekuwa mnyenyekevu, anavyopita taratibu akisalimia kila mtu, wakamfanya mzee wa baraza.

Mimi nilikuwa nimemwomba anifundishe kuendesha tangu siku ya stesheni, naye alikuwa akisema gari lina nguvu mno kwa mwanamke. Sasa nilimkumbusha. Alinipa funguo. Nilijifunza kwenye njia ya Mikelenge, nikienda shambani kuchuma sombe na kung'oa karanga, gia ya kwanza na ya pili, madirisha wazi. Watu wa mikokoteni walinipita wakinipigia makofi, nami niliwaachia njia wote.