Hukumu Isiyofika Shambani

Siku yangu ya kwanza mahakamani hapa Kasongo, kazi niliyopewa ilikuwa kuwaambia watu wasimame. Hakimu mkuu, ambaye sote tulimwita Prezida, alikuwa anaingia, nami nikapaza sauti kwa Kifaransa kama nilivyofundishwa. Hakuna aliyeinuka. Wazee walikuwa wamechuchumaa wakipiga makofi polepole, maana kwao mkubwa akipita ndivyo anavyoheshimiwa. Prezida akanikazia macho, utadhani mimi ndiye niliyewaambia wachuchumae.

Hayo nilimsimulia Feza, mjukuu wangu, alipokuja na maswali yake. Anamaliza sekondari na anataka kusoma sheria, ila hajui ashike kazi ipi. Alikuwa ameshawahoji hakimu na avoka, yaani wakili, na kila mmoja alimvutia upande wake. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nampenda mtoto huyu, kwa hiyo sikutaka kumdanganya.

Nilikuwa grefie, yaani karani wa mahakama. Grefie huandika yanayosemwa, hutunza mafaili, na hukumu ikisomwa kwa Kifaransa huwaeleza wenye kesi kwa Kiswahili. Baada ya Kasongo nilihamishiwa Kabambare, ambako paa lilivuja na mashine ya kuandikia ilikuwa imechoka kuliko sisi. Prezida wa huko alikuwa mtu wa haki, hilo siwezi kumnyima. Aliona watu wanatembea kwa miguu toka mbali kufuata kesi, akaamua mahakama iwafuate wao. Tukawa tunapanda pikipiki na bendera yetu na majoho yetu kwenye mfuko, tunaketi katika darasa la shule, tunasikiliza.

Ndivyo tulivyofika Lusangi kwa kesi ya Mama Mwamini. Alikuwa mjane, na shamba lake la mihogo na michikichi lilikuwa kando ya kijito. Shemeji yake alilidai, akitaka kuwaachia wachimba dhahabu. Mashahidi walimsemea mama yule bila kusitasita, na Prezida akampa haki. Nikatafsiri neno kwa neno, na moyo wangu ulifurahi sana.

Sasa, katika kijiji cha mama yule, mzee akishakata kesi ya shamba haendi nyumbani. Hufuatana na pande zote mbili palepale, anatembea juu ya mpaka mbele ya macho yao, ndipo kesi inahesabiwa imeisha. Basi Mama Mwamini akachukua jembe lake, akaenda kusimama mbele ya pikipiki ya Prezida, akitungoja. Prezida akaniuliza anataka nini, nikamweleza.

"Umwambie angojee," akasema. "Kuna apeli. Sheria haituruhusu kugusa kitu leo."

Nikamfafanulia mama kwamba apeli ni haki ya aliyeshindwa kupeleka kesi juu. Alinisikiliza kwa adabu.

"Muzee, kama kesi imeisha, tuende sasa," akanijibu. "Hawa watu wa dhahabu wako na machepeo ya kuchimba tayari. Mukichelewa, shamba haitakuwa."

Tukawasha pikipiki, tukaondoka.

Shemeji alikata apeli. Faili likaenda mahakama ya juu Kindu, likakaa huko hadi tukalisahau, kisha likarudi na hukumu ileile: shamba ni la Mama Mwamini. Nilimsindikiza huisie, yule anayetekeleza hukumu, kwenda kumkabidhi. Tulikuta mashimo yaliyojaa maji mekundu. Kijito kilikuwa kimegeuzwa njia, michikichi haikuwepo, na wachimbaji walikuwa wameshahamia Salamabila. Huisie alisoma hukumu yote akiwa amesimama kwenye tope. Alipomaliza, Mama Mwamini akasema, "Munionyeshe mupaka."

Hatukuwa na la kumwonyesha. Alitia alama ya dole gumba mwishoni mwa karatasi, faili likafungwa, likahesabiwa kati ya kesi zilizokwisha vizuri.

Leo nimestaafu. Watu bado wananiita Grefie, na asubuhi wananiletea makaratasi niwasomee. Nawasomea, ingawa matumaini yangu yalikwisha zamani. Niliwahi kuwaona mahakimu wabaya na mashahidi wa uongo, na hao wana dawa: wanafukuzwa, wanafungwa. Kinachoniumiza ni kwamba katika kesi ya Mama Mwamini kila mmoja wetu alifanya kazi yake sawasawa.

Feza alikuwa ameacha kuandika. Akaniuliza:

"Babu, mu hizi kazi zote za sheria, nani alikuwa na ruhusa ya kwenda naye mu shamba ile siku? Nataka kusomea hiyo."

Nilitafuta kwa moyo wote. Nikampitisha akilini Prezida, nikampitisha avoka, nikampitisha huisie, nikajipitisha na mimi.

"Hakuna, mujukuu," nikamwambia.

Akabaki ananitazama, kalamu mkononi, akingoja nimtajie mwingine.