Jino Juu ya Bati

Mama yangu alikuwa anaimba sauti ya kwanza katika korali ya kanisa letu, hapa Uvira. Nilipokuwa mwaka wa tano wa shule ya msingi, fizi zake zilianza kutoa damu kila asubuhi akipiga mswaki. Ninakumbuka mate yake kwenye mchanga nyuma ya nyumba, yana wekundu kidogo, na kuku anakuja kuyatazama.

Siku moja nilimwambia, "Mama, acha. Ule mswaki uko nakukata."

"Kweli, uko nakata," akajibu. Akausuuza kwa maji ya moto, akanipa mimi niliyekuwa nasugua kwa kidole na chumvi. "Kamata weye. Fizi yako ingali nguvu."

Mimi ni mtu wa kuogopa kusema. Mengi niliyosema utotoni nimeyasahau, lakini yale sijayasahau.

Damu haikuonekana tena, tukafurahi. Badala ya mswaki, mama akawa anatafuna muwa. Ndugu zake wa Sange walituletea miwa, na kwao husemwa kwamba muwa husafisha meno, maana nyuzi zake zinasugua. Basi jioni, baada ya kula, alikaa mlangoni akamenya muwa kwa meno, akatafuna, akatema makapi, akaenda kulala.

Polepole meno yake ya mbele yakaonekana marefu. Kumbe fizi ndizo zilizokuwa zinarudi nyuma. Jino la kwanza lilitoka akila bugali, chakula laini kuliko vyote. Alilitoa mdomoni, akalishika kwenye kiganja. Jirani yetu alikuwa amekuja kuomba moto, akacheka.

"Mama wa korali, tupa ku bati! Ndege atakuletea lingine mupya, sawa mutoto!"

"Minye nataka la zahabu," mama akasema.

"Weye? Atakupa la mbuzi!"

Kwetu watoto hutupa jino la utoto juu ya nyumba. Mama akainuka, akalirusha kweli. Likagonga bati, likabingirika, likanyamaza. Hatukulisikia likianguka chini. Tulicheka wote.

La pili alilitupa peke yake. Nilikuwa ndani, nimelala kwenye mkeka, nikasikia kitu kinagonga bati, kinabingirika, kinanyamaza. Hakuna aliyecheka. Jumapili ile hakusimama mstari wa mbele. Baadaye aliacha korali kabisa, kwa sababu maneno yalikuwa yanatoka na upepo, na alikuwa anaona haya kwa harufu ya mdomo wake. Akaanza kusema na watu huku ameshika pembe ya kitenge mbele ya midomo.

Tangu wakati ule, mvua inapoanza, matone yale ya kwanza, kabla hayajawa mengi, mimi ninayasikia kama meno. Ninatazama juu kila mara.

Mwaka huu asubuhi moja nilitema, nikaona wekundu. Ni mchanga ule ule, nyuma ya nyumba ile ile. Nikafunika mate kwa mguu, nikaficha mswaki. Siku ya nne damu haikuwapo, na hapo ndipo nilipoogopa sana. Hata ya mama ilikuwa imekoma.

Nikaenda kituo cha afya. Muuguzi alimulika mdomo wangu kwa tochi.

"Nani alikuambia kuacha mswaki?"

"Ni minye," nikasema.

"Mswaki haukati ufizi wenye afya. Uchafu unakaa pale jino linapoingia katika ufizi, ufizi unavimba, unatoa damu. Ukiacha kusugua, uchafu unashuka, unalegeza jino. Tafuta mswaki laini. Sugua polepole pale pale penye damu, asubuhi na kabla ya kulala. Damu isipokoma kwa wiki mbili, urudi."

"Na muwa?"

"Muwa ni sukari. Weye unaosha sahani na asali?"

Nilinunua miswaki miwili sokoni. Nilimkuta mama anachambua ndagala. Nikachuchumaa, nikaiweka miswaki kando yake.

"Mama, siku ile nilikudanganya. Ule mswaki haukukata."

Nikamweleza yote. Aliendelea kuchambua samaki. Niliona ulimi wake unatembea ndani ya shavu, unahesabu yaliyobaki.

"Ulikuwa mutoto," akasema. "Meno ilikuwa yangu." Akanyoosha mkono, akachukua mswaki mmoja.

Yangu yamekuwa meupe, yale mate. Ya mama bado. Nilimpeleka kwa yule muuguzi, akamsafisha, akasema meno mengine mawili huenda yasikae, lakini ya nyuma yanaweza kupona.

Jana mvua ilipoanza kugonga bati tulikuwa nje, miswaki mdomoni. Mama alitazama juu, mimi pia. Kisha akatema, akainama haraka kuyatazama mate kabla maji hayajayachukua.

"Iko nyekundu?"

"Kidogo."

Akarudisha mswaki mdomoni.