Kamba ya Nyuma

Dobi huyu sote tunamwita Pasi, hata wateja waliozaliwa juzi. Ni mwanamke mfupi, mkono wa kulia mnene kuliko wa kushoto, na ana tabia ya kukutazama kola kabla hajakutazama uso. Nimempelekea mashati yangu kwa miaka mingi, na habari zake nimezipata vipande vipande, yeye akipiga pasi nami nimekaa kwenye benchi nikisubiri. Watu wa mtaani wakisimulia kisa chake hutia chumvi mpaka hakiliki. Mimi nitakisimulia kilivyo.

Baba yake alikuwa dobi, na dobi mwingine alikuwa ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na mlango. Wazee hao walijifunza kazi kwa fundi mmoja, wakafungua duka pamoja, wakawa chanda na pete. Kisha gauni la bibi harusi likaungua mgongoni, alama kamili ya pasi, asubuhi ya harusi yenyewe. Kila mmoja alisema pasi ilikuwa ya mwenzake. Bibi harusi aliolewa na shali mabegani, wao wakagawana mabeseni, na tangu siku hiyo nyumba hizo mbili hazikupeana hata salamu. Nani aliyeiacha ile pasi? Hakuna ajuaye, na nadhani hata wenyewe hawakujua. Watu wazima wakishaamua kununa hawahitaji ushahidi.

Dobi wa ng'ambo alifariki mapema. Mjane wake alirithi kazi, na ugomvi pia. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, kijana mwenye miguu isiyoisha, ambaye mtaa mzima ulimwita Mrefu.

Nyumba zote mbili zilianika nguo juu ya paa. Pasi akipanda na beseni, Mrefu naye yuko juu na lake, na kila mmoja anampa mwenzake mgongo kama walivyofunzwa. Siku moja upepo ukanyakua shuka la kina Pasi na kulitua kwenye kamba za kina Mrefu.

"Wewe! Shuka lenu hili," Mrefu akaita.

"Lirushe."

"Likianguka kwenye matope utalifua tena."

"Basi lilete."

"Nililete wapi, baba yako anivunje miguu?"

"Hata akiivunja nusu, itakayobaki inakutosha."

Shuka lilikabidhiwa kwa siri dukani kwa muuza sabuni. Baada ya hapo nyumba zote mbili zikaanza kuishiwa sabuni haraka mno, na wazee wakadhani ni biashara imechanganya.

Walipendana, na sina haja ya kulizungushia neno hilo maua. Mrefu alimtuma mjomba wake kwenda kuposa. Mjomba hakupewa hata kiti. "Nyumba iliyounguza gauni la watu haitamvika binti yangu," mzee akasema, akaendelea kukunja suruali. Wakati huohuo akaanza kumsifu fundi viatu wa kona ya pili, mjane mpole, mikono yake ikinuka gundi.

Wapenzi wakapanga lao. Mrefu angekwenda kufanya kazi kwenye machimbo ya mawe, mbali huko, na mvua zikiisha angerudi na chumba chake mwenyewe, waoane, wazee wakubali wasikubali. Barua wasingeandikiana, maana zote zingepita mikononi mwa baba. Pasi alikula kiapo kwamba atasubiri. Ndani ya kwapa la shati la kijivu la Mrefu alimshonea kiraka kwa uzi wa kijani, kwa sababu mweusi ulikuwa umekwisha.

Mvua ilikuwa bado haijaisha ilipofika habari kwamba ukuta wa machimbo umeporomoka na kuua watu. Majina hayakufika. Siku zikapita, na Pasi akapanda juu na beseni kama kawaida.

Hapa lazima nieleze jambo la kazi. Yule fundi aliyewafundisha wazee wawili alikuwa na utaratibu wake kuhusu nguo za marehemu: zinafuliwa peke yake, zinageuzwa ndani nje, zinaanikwa kwenye kamba ya nyuma bila nguo nyingine yoyote, na pasi haizigusi. Ugomvi uliwatenganisha kwa kila kitu isipokuwa hilo. Mteja akipita chini haoni kitu, lakini dobi akitupa jicho anajua.

Kwenye kamba ya nyuma ya kina Mrefu kulikuwa na shati la kijivu limegeuzwa, na kiraka cha uzi wa kijani kilionekana wazi. Kando yake mama Mrefu alikuwa ameinama juu ya beseni, analia.

Pasi alishuka ngazi akiwa na nia ya kwenda kuuliza. Alifika kizingitini, akasimama. Baba yake akapanda kwenda kuona nini kimemshtua mtoto hivyo. Aliporudi alikuwa amevua kofia. "Mungu amrehemu," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwombea heri mtu wa nyumba ile. Pasi hakuuliza tena. Dobi mwenye mvi amesoma kamba kama alivyoisoma yeye, sasa aulize nini? Msiba haukuwekwa, naye akajijibu kwamba mwili bado haujatolewa chini ya mawe. "Na ukweli ni kwamba niliogopa," aliniambia. "Nikiuliza nitajibiwa."

Fundi viatu alipoposa, Pasi alisema ndiyo, kwa sauti ya mtu anayekubali kuongezewa sukari kwenye chai. Harusi ilikuwa ndogo. Mama Mrefu aliitazama kupitia dirishani. Yeye aliyejua mwanawe yu hai aliona tu binti aliyeshindwa kusubiri, akasema ndivyo walivyo watu wa nyumba ile, akafunga pazia.

Mrefu alirudi mvua zilipokatika. Karibu na mtaa wake soli ya kiatu ikaachia, na kwa kuwa hakutaka kumfikia mchumba akiburuta mguu, alikaa kwa fundi viatu wa kwanza aliyemwona. Wakawa wanaongea habari za barabara mbovu. Pasi akafika na chakula cha mume wake.

Sahani haikuanguka. Watu husema ilianguka, lakini yeye anasema aliishika kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi. Mbele yake alikaa mtu aliyemlilia hadi machozi yakakauka, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna.

"Karibu chakula, kijana," fundi viatu akasema. "Huyu ni mke wangu."

"Asante," Mrefu akasema. "Nimeshiba."

Walizungumza mara moja tu, kesho yake, pale kwa muuza sabuni. Shati, Mrefu alikuwa amempa mwenzake wa chumba kimoja, ambaye hakuwa na la kubadilisha. Huyo ndiye aliyefunikwa na mawe. Hakuwa na mama, na kila alipotumwa huku kununua vifaa alikuwa akila kwa mama Mrefu, kwa hiyo nguo zake zililetwa zifuliwe hapo kabla ya kupelekwa kwa ndugu. Mrefu alibaki kule kusaidia kufukua.

"Kwa nini hukuuliza?" alisema. "Ni hatua za kuvuka barabara tu."

"Ningemuuliza nani? Mama yako hasalimiani na sisi."

"Hata kwa jambo kama hilo?"

"Nyinyi je, mlikuja kutuambia?"

Fundi viatu hakuwa amemkosea mtu yeyote, na Pasi hakuwa mwanamke wa kumwadhibu kwa kosa la wengine. Wakaagana. Baada ya wiki Mrefu akarudi machimboni, ingawa mama yake, aliyekwisha kuelezwa yote, alimshika nguo mlangoni. Kazi ya duka angeweza kuifanya. Kupanda juu ya paa kila asubuhi na kumwona kule ng'ambo akimwanikia baba yake, hapana.

Mwaka uliofuata, adhuhuri moja, Pasi alikuwa dukani akimsaidia baba yake. Mlango ulisukumwa, akaingia mama Mrefu, miguu mitupu, mikono ingali na povu. Mzee aliinuka, akasema, "Karibu, shemeji," akamsogezea kiti. Mama yule hakukaa. Alimpita mzee, akaenda hadi kwenye meza ya pasi na kumshika Pasi mikono yote miwili.

"Nimekuja mwenyewe, mwanangu, usije ukaisoma kambani," alisema. "Safari hii ni kweli."