Bi Hakuna na Memori Iliyorudishwa Mara Mbili

Ofisini walimwita Bi Hakuna, na hakuchukia. Kazi yake ilikuwa kuidanganya kompyuta. Kila ujumbe wa mtandao unapoingia, mfumo huomba kipande cha memori cha kuuweka, na kwa kawaida hupewa. Yeye alitengeneza programu ndogo iliyojibana katikati kama karani mwenye nongwa na kujibu, "Hakuna." Kisha akaegemea kiti kutazama nani atazirai.

Programu nyingi zilizirai. Mafundi huandika kwa makini sehemu ya kupewa memori. Ile ya kunyimwa huiandika Ijumaa jioni, mkono mmoja ukipapasa funguo za gari.

Balaa lilianza alipofikia msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, ulioandikwa na mumewe, fundi wa meza ya jirani, mtu mwenye akili nyingi na hamu ya kukumbushwa hivyo kutwa. Akaunyima memori mara moja tu. Mashine nzima ikaganda.

"Umeiua!" mume akapaza sauti.

"Nimeinyima tu. Kufa imekufa yenyewe."

Kumbe msimbo ukinyimwa kipande cha pili, uliharakisha kurudisha kile cha kwanza, halafu ukasahau, ukakirudisha tena. Wakati huo mfumo ulikuwa umeshakigawa kwa programu nyingine.

"Umerudisha chumba cha hoteli," Bi Hakuna akaeleza, "kisha umerudi kumtupia mgeni mpya mizigo yake nje."

Ofisi ikaangua kicheko. Mume hakucheka.

Kesi ikahamia nyumbani, mbele ya mama mkwe, aliyeishi nao na kupenda kesi kuliko chai.

"Mama, mkweo kaniharibia kazi makusudi!"

Mama akamgeukia Bi Hakuna. "Mwanangu, wewe unalipwa kuharibu?"

"Ndiyo, mama. Na bima wananipa."

"Nafasi nyingine hawana?"

Mume akasusa chakula. Kesho yake, kwa hasira, akafuta mistari yote miwili ya kurudisha. Sasa memori ilitoka bila kurudi, na kufikia alasiri mashine ilishindwa kufungua hata kikokotoo. Bi Hakuna alicheka mpaka machozi. Kisha akamwona mwenzake kajishika kichwa, kachoka kweli, moyo ukamwuma. Akavuta kiti.

"Sogea huko."

"Msimbo huu niliuandika nilipokuwa nakutongoza," mume akanong'ona. "Akili haikuwepo."

"Ungeandika onyo juu yake basi: fundi kapenda."

Hapo akacheka. Wakafunga njia zote za kutokea kwenye msimbo wakaacha moja, na hapo ndipo kila kitu kikarudishwa mara moja tu. Bi Hakuna akaunyima mwanzo, akaunyima katikati, akaunyima mwisho. Msimbo ukarudisha vya watu na kuondoka kwa adabu.

Kwenye kikao bosi akamsifu mume kwa kazi safi. Wote wakasubiri amtaje mkewe. Jamaa akakohoa, akarekebisha kola, akasema, "Asante sana, bosi."

Bi Hakuna nusura amrushie kikombe. Jioni mume akamletea msimbo mwingine, mkubwa zaidi, akamwomba aupige 'Hakuna' bila huruma. Akaupiga.