Mlango Uelekee Wapi

Wiki iliyopita, kwenye ofisi ya elimu ya wilaya, nilipanga foleni nyuma ya mwalimu kijana aliyeleta barua ya kuomba uhamisho kutoka Piyaya arudi kwao Endabash. Mara akaingia mzee wa Kimaasai akihema; alikuwa amemfuata kutoka kijijini. Akamnyooshea mwalimu nyasi mbichi alizong'oa pale nje. Kwa Wamaasai, anayekushikia nyasi anakusihi, na si rahisi kumkatalia.

"Serikali imetujengea madarasa, tumeshukuru," alisema mzee. "Sasa wewe ukiondoka, yatafundisha yenyewe?"

Mwalimu alizipokea nyasi kwa mikono miwili. "Mzee wangu, mimi nalala stoo ya shule, pembeni ya magunia ya mahindi. Mke wangu ni mjamzito. Nikimleta atalala wapi?"

Afisa elimu, mama wa makamo, alisema haraka kwamba nyumba za walimu zipo kwenye mpango. Mpango huo tunaujua; pengine umemzidi mwalimu umri.

Mzee akacheka. "Kumbe shida ni nyumba? Kwetu nyumba wanajenga akina mama, nao hawasubiri bajeti. Mpigie mkeo simu, umuulize mlango anataka uelekee wapi."

Nimehudhuria vikao vingi vya elimu. Swali hilo sijawahi kulisikia.

Mwalimu aliiacha barua mezani, akatoka na simu yake. Afisa alikuwa ameshika muhuri. Akaurudisha taratibu kwenye droo. Kupitia dirishani tukamsikia mwalimu akisema kwa sauti ya chini:

"Eti, jua la asubuhi unalipenda?"