Dada Yangu na Mistari Miwili

Dada yangu ni fundi wa sare za shule, na mtaani wanamwita Sindano. Ukichelewa kuchukua nguo atakuchoma. Ukilalamikia pindo atakuchoma mara mbili. Mimi mdogo wake nimechomwa tangu nizaliwe, na bado nampenda.

Mwaka huu kikohozi kilimkaba wiki tatu nzima, naye bintiye yuko mwezi wa tisa, anamngoja akamsaidie kulea mjukuu wa kwanza. Badala ya kwenda hospitali akakimbilia duka la dawa, kwa muuzaji mwenye ulimi wa asali. Akatobolewa kidole, tone la damu likawekwa kwenye kipimo cha plastiki, ikatokea mistari miwili. Akaambiwa ana kifua kikuu.

Alirudi nyumbani akatenga kikombe, sahani na mto. Akampigia binti simu: tafuta mtu mwingine. Nilimkuta ameketi mbele ya cherehani, hashoni, analia kimyakimya. Niliumia, kisha nikakasirika. Kesho yake nikamburuta hospitali.

Mtaalamu wa maabara, baba mmoja mpole mwenye miwani, alimpa kikopo chenye kifuniko na kutuelekeza nje, penye upepo. Dada ni mtu wa usafi kupita kiasi. Akasukutua mdomo, akageukia ukuta, akarudi na kikopo alichokwisha kukipangusa kwa leso.

Yule baba akakitazama. "Mama, haya ni mate. Mimi nataka makohozi. Vuta pumzi, ukohoe kutoka chini kabisa."

"Nikuletee uchafu ule, baba wa watu?"

"Uchafu ule ndio kazi yangu."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Dada akanitolea macho, lakini safari hii alikohoa kweli. Kisha akapigwa picha ya kifua pia.

Nikamuuliza mtaalamu, na ile mistari ya dukani je?

"Kile kinatafuta kingamwili," akasema. "Ni askari ambao mwili unawatengeneza ukikutana na vijidudu. Pengine mama alikutana navyo zamani akavishinda, au alikutana na ndugu zao wasio na madhara. Askari bado wapo, kipimo kinawaona, basi kinasema unaumwa. Na wapo wagonjwa kabisa ambao kinawaambia ni wazima. Sisi hatukitumii."

Nilimlaani yule muuzaji kimoyomoyo, yeye pamoja na ukoo wake.

Siku ya pili majibu yakatoka. Makohozi hayana vijidudu, picha ni safi. Daktari akasema ni pumu, imechokozwa na vumbi la vitambaa, akamwandikia dawa ya kuvuta. Dada hakuuliza habari za pumu hata kidogo.

"Naweza kubeba mtoto mchanga?"

"Unaweza, mama."

"Hata wa siku moja?"

"Hata wa saa moja."

Akashusha pumzi ndefu, na mimi nikahisi mabega yangu yanashuka pamoja na yake. Tulipofika kwa binti, mtoto alikuwa amezaliwa alfajiri ile. Dada alinawa mikono mara mbili, akampokea, akamshika huku mikono yake mwenyewe imenyooka mbele, uso ameugeuzia dirishani.

"Mama," binti akasema taratibu, "si wamesema huna kitu?"

Dada akakunja mikono pole pole, akamlaza mtoto kifuani, akamgeukia, akampumulia utosini.