Gari la Taka Linaanzia kwa Mama

Miezi ile nilikuwa siwezi kutulia. Nikikaa nainuka, nikilala nageuka. Nilikuwa nimerudi Temeke kwa mama kutoka ng'ambo, nasomea udaktari wa uchumi wa mazingira, na msimamizi wangu huko alikuwa anasubiri majibu ya swali moja: watu wa mtaani kwetu wangekuwa tayari kuchangia kiasi gani ili gari la taka lipite kila wiki? Gari lenyewe halikuwepo, lilikuwa la kuwazia tu. Na nilionywa: usiahidi kitu, usilete kitu, la sivyo majibu yote yanaharibika.

Nikapita nyumba hadi nyumba. Hodi, shikamoo, kaa mkekani, uliza. Jamani, walivyonipokea! Wote walikubali kuchangia, mie natembea najiona nimeshamaliza.

Asubuhi moja nafungua mlango, siamini macho yangu. Barazani kwa mama kumejaa viroba vya taka: vifuu, majivu, vichwa vya samaki, nzi kibao. Jirani yetu wa nyumba ya pili, mwanamke wa makamo, alikuwa anatua ndoo yake.

"Shikamoo mama. Nini tena hiki?"

"Marahaba mwanangu. Si gari lako? Linaanzia hapa."

Hasira zikanipanda. Nikamwambia mie nilikuwa nauliza tu.

"Unauliza tu?" Akashika kiuno. "Mtu mzima anapita kuuliza michango, halafu anauliza tu?"

Kwetu, anayepita kuuliza michango ya harusi au ya msiba ndiye mwenye shughuli, na shughuli iko kwao. Mie mzaliwa wa mtaa huu nimesahau hilo! Nikiziacha taka, mama anaadhirika. Nikiziondoa, gari limekuja, na majibu yangu yamekufa.

Mama akatoka na koleo. Hakunigombeza, na bora angenigombeza.

"Nimewaambia litakuja," alisema. "Nimewaambia wewe husemi uongo."

Nikaenda kumtafuta mwenye mkokoteni. Tukapakia hadi adhuhuri, mie na mama, watu wanapita wanatupa hongera. Nilitamani kulia. Yale makaratasi ya majibu nikayatia jikoni, nikawashia mkaa.

Wiki iliyofuata nikaanza upya Tandale, upande mwingine wa jiji, swali lilelile. Wakanikaribisha vilevile, wakakubali vilevile, na hakuna aliyetuletea hata kiroba kimoja. Msimamizi aliyasifu sana majibu ya Tandale. Ndiyo yaliyonipa udaktari.

Siku niliyomaliza kuuliza Tandale nilirudi hoi, mama akanitengea ugali.

"Na huko Tandale," aliniuliza, "taka zao wanampelekea nani?"

Nilikata tonge, nikalishika tu mkononi.

"Hawapajui kwetu, mama."